Dereva wa Chole

Twalibu bin Mashaka hakutaka kuwa dresa, mfunga madonda wa hospitali. Hilo tuliseme mapema, maana wapo watu Chole na Vihingo wanaoapa kwamba alitoka tumboni kwa mama yake na bendeji mkononi. Uongo mtupu. Twalibu alitaka kuwa dereva wa gari moshi, na yote yaliyompata, mema na mabaya, yalitokana na meno ya Mzee Mwinyimadi, au tuseme kutokuwapo kwa meno hayo.

Alizaliwa Soga, na Soga ya siku hizo ilikuwa stesheni na mihogo, basi. Gari likilia kutoka upande wa Ruvu, watoto waliacha jembe, waliacha uji, wakakimbilia relini. Wenzake walitazama mabehewa. Twalibu alimtazama dereva, Kalasinga mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani, aliyekaa kule mbele ameegemeza kiwiko dirishani utadhani reli kaitandika yeye. Twalibu akaamini kwamba ndevu ndizo kazi yenyewe. Kwa muda mrefu alijipaka masizi ya chungu na mafuta ya nazi kidevuni, kila siku baada ya kuoga, na alichovuna ni chunusi.

Rafiki yake Matano alitaka kuwa shehe mkubwa. Alikuwa akiwahutubia mbuzi wa baba yake, na mbuzi, kwa kuwa wamefungwa kamba, walisikiliza. Leo Matano ni mgema wa tembo la mnazi. Ukimkumbusha habari za ushehe hakasiriki. Hukujibu kwamba huko juu ya mnazi yeye yuko karibu na mbingu kuliko shehe yeyote wa Mzizima. Mtu akishaweza kujicheka namna hiyo huna la kumfanya.

Basi, mwaka ule wa nzige, mihogo imeliwa mpaka vijiti, Mzee Mwinyimadi akapita na ngoma yake. Yeye ndiye aliyekuwa mnadi wa Jumbe, na kinywani hakuwa na jino hata la kusingizia. Akasimama, akapiga ngoma, akatangaza kwamba Serikali yataka vijana wanaojua kusoma waende Kisarawe kufundishwa udresa.

"Udresa ndio nini?" Matano akauliza.

"Udereva," Twalibu akajibu. "Mzee hana meno, husikii?"

"Mbona Kisarawe hakuna reli?"

"Ndiyo maana wanaanza kutafuta madereva. Reli itafuata."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Matano alinyamaza, na Twalibu akaenda kwa Jumbe kuandikisha jina kifua mbele. Mama yake, Bi Zena, alikopa mchele, akapika ubwabwa, akaalika majirani, wakasoma dua ya kumwombea dereva. Ubwabwa ule ndio uliomfunga Twalibu maisha yake yote, maana mtu hawezi kuwarudia watu walioshiba kwa ajili yake akawaambia kwamba hakusikia vizuri.

Alifika hospitali ya Kisarawe amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akapokewa na dresa mkubwa, Bwana Abeid, pande la mtu lenye sauti nene. Twalibu akamwamkia, akapewa marahaba, kisha akauliza kwa adabu zote:

"Bwana, gari liko wapi?"

Abeid alimtazama juu mpaka chini. Halafu akamwonyesha machela iliyoegemezwa ukutani, ina madoa ambayo hayakuhitaji maelezo.

"Gari ndilo lile," akasema. "Injini ni wewe na mwenzako."

Siku hiyohiyo alishikishwa beseni la usaha, akaanguka. Kesho yake akaona damu, akaanguka tena, safari hii juu ya mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa ndiye aliyempepea. Angetoroka, lakini ataenda wapi? Ubwabwa umekwisha kuliwa. Akabaki. Alijifunza kuosha madonda, kufunga bendeji, kupasua majipu, kuchemsha visu. Kuzimia alijifunza kukuahirisha tu. Aligundua kwamba akipumua kwa nguvu kupitia mdomoni, fu, fu, fu, kama gari linalopanda mlima, giza la machoni linasubiri mpaka amalize kazi. Wagonjwa waliisikia pumzi ile wakajua kisu kinakuja. Wakamwita Dereva, na yeye akaitikia, kwani si ndilo jina alilokuwa akilitaka?

Kule Soga, Bi Zena alikuwa akitoka uani kila gari likipita, anapunga ukaya wake wa kichwani, anawaambia watu, "Mwanangu huyo." Kalasinga alizoea kumpungia. Twalibu aliambiwa habari hizi na Matano, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha.

Walipomaliza kumfundisha walimpeleka Chole, hii Chole ya huku Kisarawe, kwenye zahanati ya udongo iliyoezekwa makuti. Hapo ndipo alipoletwa Sikudhani wa Vihingo, mwiba umemzama unyayoni. Twalibu akashika mguu, akaanza fu, fu, fu. Sikudhani akauliza kama anaumwa. Twalibu, sijui shetani gani alimpitia, akamweleza yote: ndevu, masizi, Mzee Mwinyimadi, machela. Sikudhani akacheka mpaka akashuka kwenye benchi, akakaa chini na mwiba wake mguuni. Watu walikuwa wakimcheka Twalibu kila siku, lakini huyu alicheka kama vile na yeye alikuwapo siku ile na hakusikia vizuri.

"Na wewe ulitaka kuwa nani?" akamwuliza.

"Mnadi," Sikudhani akasema. "Nilimwomba mjomba aninunulie ngoma. Mnadi akisema watu wote wananyamaza. Mimi nikisema naambiwa unga haujatwangwa."

Mwiba ulitoka. Moyo wa Twalibu haukutoka tena pale. Akapeleka posa. Sikudhani hakuwa na baba, alikufa zamani. Alikuwa na mama yake, Bi Mwanne, na mjomba wake, Mzee Kibwana. Bi Mwanne alizaa watoto wengi akawazika wote ila huyu binti. Alimchunguza mchumba kwa kutuma watu, akaridhika, posa ikapokewa. Harusi ikawekwa baada ya mavuno.

Sasa hapa ndipo mtu asiye wa kwetu anaweza kupotea, kwa hiyo asikilize. Mkwe hatazamwi. Ukishachumbia, mama wa mchumba wako si mtu wa kukutana naye uso kwa uso. Ukimwona njiani unapisha, unaingia porini, na yeye anajifunika kaniki yake mpaka puani, mnapishana kama hamkuonana. Mkila, kila mtu na upande wake. Salamu huenda kwa mjumbe. Hiyo ndiyo heshima, na Twalibu, kwa kuwa alitaka kuonekana mkwe wa kupigiwa mfano, alizidisha. Alikuwa akiiona kaniki yoyote kwa mbali anaruka kichakani. Siku moja aliruka katikati ya upupu. Dresa wa Serikali alishinda siku nzima amejipaka majivu, anajikuna kwenye mlango wa zahanati yake, na wagonjwa wakamshauri aende hospitali. Bi Mwanne alipoelezwa alisema hajapata kuona mkwe mwenye heshima kama yule. Twalibu alivimba kwa furaha, na kwa upupu.

Ikaja masika, mvua za kuosha nchi. Mto kati ya Vihingo na njia ya Kisarawe ukafurika, ukawa haupitiki hata kwa machela. Asubuhi moja Sikudhani akaingia zahanati, kaniki imemgandia mwilini kwa mvua.

"Mama ana jipu," akasema.

"Tangu lini?"

"Lina siku nyingi. Alificha. Sasa homa imempanda, hanijui vizuri. Mguu mzima umekuwa mwekundu."

"Jipu liko wapi?"

Sikudhani akatazama makuti ya paa. "Mahali pa kukalia," akasema.

 Alijua jipu lililofika hapo linafanya nini. Abeid alimwonyesha maiti mbili za namna hiyo. Alijua vilevile akimfunua Bi Mwanne pale mahali, ukwe umekwisha. Haiwezekani mtu aone yale kisha arudi kuruka vichakani kwa heshima. Heshima ya nini tena?

"Nikienda nitakukosa," akamwambia Sikudhani.

"Najua," Sikudhani akasema. "Nimekuja njia nzima najua. Chukua kisanduku twende."

Wakaenda. Njiani Twalibu alitafuta ujanja, na ujanja akaupata, na aliupenda sana. Atakaa nyuma ya pazia. Shangazi wa Sikudhani, Bi Biubwa, mwanamke wa shoka aliyechinja kuku wa harusi zote za Vihingo, atashika kisu, na yeye dresa ataongoza kwa mdomo. Hataona kitu. Ukwe utabaki mzima.

Walipofika, wakatundika mkeka kati ya kitanda na mlango. Twalibu akachemsha visu, akapitisha kimoja chini ya mkeka, akakaa upande wa pili ameupa mgongo, kwa usalama zaidi.

"Bi Biubwa, unaona pale palipoiva, penye weupe?"

"Naona, mwanangu."

"Weka kisu hapo. Usiogope. Pasua kwa urefu."

Akatega sikio.

"Umepasua?"

"Nimepagusa."

"Kugusa hakutoshi, shangazi. Ingiza."

Kukasikika kishindo, na kisu kikaja kikiteleza chini ya mkeka mpaka miguuni pa Twalibu. Mchinja kuku wa Vihingo alikuwa amelala sakafuni, na Sikudhani akimmwagia maji. Twalibu alikiokota kisu. Ikampitia akilini kwamba Mungu hana haraka: huyu aliyezimia maisha yake yote amepatiwa mtu wa kuzimia badala yake, na hana hata nafasi ya kufurahi.

Kutoka kitandani ikaja sauti ya Bi Mwanne, imekauka lakini akili imemrudia.

"Nani huko nyuma ya mkeka?"

Twalibu akaziba mdomo kwa kiganja. Hakuwahi kusema naye hata mara moja.

"Nimeuliza nani."

"Ni mimi, Twalibu."

Bi Mwanne akageuzia uso ukutani. Mvua ilipiga makuti.

"Mkwe wangu simtaki humu," akasema. "Mkwe na aende kwao. Kama kuna dresa hapo nje, aingie."

Twalibu akakaa na kisu mkononi. Sisi hapa tunacheka tunavyosimulia, lakini pale hakucheka mtu. Alikuwa na muda wa kutoka. Angeweza kusema anakwenda kutafuta mtu mwingine, na angeoa baada ya mavuno, na angemzika mama mkwe kwa heshima zote bila kumwona hata ukucha. Alilifikiria hilo. Lilimjia kichwani waziwazi, akalichukia, akajichukia mwenyewe kwa kuwa lilimjia. Kisha akauinua mkeka akaingia.

Aliingia amefumba macho, maana tabia ni tabia. Akapapasa, akashika mguu wa kitanda, akashika mto.

"Dresa," Bi Mwanne akasema, "utanipasua tumbo. Fumbua macho."

Akafumbua. Akaona. Jipu lilikuwa kubwa kuliko alivyoogopa. Akanawa, akachukua kisu kingine kilichochemshwa, akapaka dawa, akaanza fu, fu, fu.

"Acha kupumua kama gari, kata."

Akakata. Yaliyotoka hatutayaeleza, watu wengine wanasoma wakila. Sikudhani alishika beseni hakutetemeka, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Twalibu alikamua, akasafisha, akajaza pamba yenye dawa, akafunga vizuri kama alivyofundishwa. Akatoka nje, akatembea mpaka kwenye banda la kuku, hapo akaanguka kwenye tope. Kuku hawakumpepea.

Kazi haikuishia hapo. Kidonda cha namna ile kinataka kuoshwa kila siku, na Bi Biubwa alikuwa akimwona dresa tu anashika ukuta. Twalibu akawa anakwenda Vihingo kila asubuhi. Akamgeuza Bi Mwanne, akamwosha, akambadilisha pamba, akamnywesha uji pale Sikudhani anapokuwa kisimani.  Baadaye Bi Mwanne akaanza kuuliza maneno: Soga kuna watu gani, mama yake anaitwa nani, kwa nini anapumua hivyo. Akamweleza. Bi Mwanne akacheka akalia kwa maumivu, akamkataza asimchekeshe, halafu akamwambia arudie pale pa machela. Twalibu akaona labda harusi bado ipo. Mtu anayecheka nawe namna hii, labda.  Sikudhani akimpokea kisanduku mlangoni alikipokea kwa mikono miwili, akatazama chini.

Homa ikashuka. Kidonda kikafumba. Mvua zikapungua, mihogo ikasimama, na Mzee Kibwana akamwita Twalibu siku ya Ijumaa baada ya sala, kwa kuwa mavuno yanakaribia na lazima jambo lizungumzwe. Alikuwapo shehe wa Vihingo, alikuwapo Bi Biubwa na wanawake wengine upande wa ndani, na Matano alikuja kutoka Soga kumsindikiza rafiki yake, amejipaka marashi kuficha harufu ya tembo. Bi Mwanne mwenyewe alitoka akakaa mkekani mbele ya watu, uso wazi, anamtazama Twalibu machoni. Hakujifunika. Twalibu alipoiona ile kaniki iko mabegani imetulia, hajaivuta, akaanza kuelewa, na hakutaka kuelewa.

"Shehe," Mzee Kibwana akasema, "kijana huyu alimwuguza mama wa mchumba wake. Alimshika pote. Je, ndoa ipo?"

Shehe akajikuna ndevu. "Sheria haikatazi," akasema. "Ilikuwa dharura. Ndoa ipo."

Twalibu akashusha pumzi. Matano akamfinya paja.

"Sheria haikatazi," Bi Mwanne akasema. "Nami sibishani na sheria. Ila nisikilizeni. Nilizaa wanaume wanne, nikawazika. Mwanamke wa umri wangu akilala hajiwezi, nani anamgeuza? Nani anamwosha? Mkwe hafanyi hivyo. Mume wangu alikufa. Anayefanya hivyo ni mmoja tu, ni mtoto aliyemzaa. Huyu amenifanyia. Nikimwita mkwe, nitakuwa nimevuliwa nguo na mtu baki, na sitaweza kupita njiani. Nikimwita mwanangu, basi nimeoshwa na mwanangu, na hakuna aibu kwa mtu yeyote."

Wanawake kule ndani waliguna kwa kukubali. Hata shehe alitikisa kichwa. Hayo ndiyo mabaya yake, kwamba lilikuwa neno zuri. Twalibu mwenyewe, kama angelisikia linasemwa kwa mtu mwingine, angelisifu.

"Simlazimishi," Bi Mwanne akaendelea, sauti imepungua. "Akitaka ukwe atajibu hivyo, na binti nitampa, niliahidi. Mimi nitahamia kwa ndugu zangu Maneromango, tusionane." Akamgeukia Twalibu.  "Mwanangu," akaita.

Uwanja mzima ukamkazia macho. Twalibu akamtafuta Sikudhani. Alikuwa amesimama mlangoni, birika la maji mkononi na beseni, kwa maana chakula kilikuwa tayari, jibu lolote litakalotoka watu watakula. Hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alimtazama tu, macho yamemjaa machozi, na Twalibu akaona kwamba hawezi kumpa binti huyu harusi inayomhamisha mama yake. Alijaribu kutafuta la kuchekesha. Maisha yake yote lilikuwa halikosekani. Safari hii halikuja.

"Naam, mama," akasema.

Vigelegele vikapigwa. Bi Mwanne akajifunika uso kwa mara ya kwanza siku ile, akalia ndani ya kaniki. Mzee Kibwana akampiga Twalibu begani akamwambia amefurahi kupata mpwa, yeye amezeeka, sasa wachumba wa dada yake Sikudhani wakija watakaa nao wawili, wawahoji vizuri, siku hizi vijana ni waongo. Twalibu akasema inshallah. Matano alikuwa ametazama pembeni.

Sikudhani akaja na birika. Akaanza na mgeni wa heshima, shehe, akaja kwa mjomba, kisha akapiga magoti mbele ya Twalibu, akaweka beseni chini. Mkono wake ulikuwa imara kama siku ile ya jipu.

"Nawa, kaka," akasema.

Twalibu akanyoosha mikono, akamiminiwa maji.